Ukuta wa Bi Zuhura: kikundi cha Majirani Msasani

JUMATANO

[06:42] Mama Shani: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe majirani. Ukuta ni Jumamosi HII. Vijana wa kuchora wamethibitisha, wako watano, saa moja asubuhi wanafika. Elfu kumi kila nyumba. Mpaka jana usiku waliotoa ni nyumba sita kati ya ishirini na tatu.

[06:43] Mama Shani: Nawataja ili wasinung'unike: Mwalimu Tito, Mama Gift, Juma Fundi, Mzee Selemani, Baba Nasra (nusu), na mimi.

[06:45] Mama Shani: Masika yako mlangoni. Mvua ikishaanza ukuta hauli rangi tena mpaka Juni. Tusije tukalaumiana.

[06:45] Mama Shani: Mbona watu kumi na tisa wamesoma na hakuna aliyejibu hata salamu

[07:30] Mzee Selemani: Waaleikum salaam.

[09:15] Chande: Mama Shani shikamoo. Kabla ya pesa tuambiwe kinachochorwa.

[09:17] Mama Shani: Marahaba. Nimeeleza mara tatu Chande. Upande wa shule, herufi na wanyama, watoto wasome wakipita. Katikati bahari na wavuvi. Mwisho kabisa, pale kwenye mtaro, mchoro wa kukumbusha watu wasitupe taka, maana maji yanayoingia vyumbani kila masika tunayaita wenyewe.

[09:18] Chande: Wanyama gani

[09:18] Mama Shani: Twiga, tembo, simba, kanga

[09:19] Chande: Hapo hapo. Elfu kumi ya Mwananchi wa Yanga ikachore Simba? 😂😂

[09:20] Juma Fundi: 😂😂😂 Mnyama lazima awepo

[09:21] Chande: Basi na rangi ya nyuma iwe kijani na njano, natoa ishirini saa hii hii

[09:22] Juma Fundi: Kijani na njano utatuletea siasa ukutani kaka

[09:26] Mwalimu Tito: Ndugu zangu, naomba tusikilizane. Ule ukuta si wa shule na si wa mtaa. Ni wa nyumba ya Bi Zuhura. Je, tuna ridhaa yake? Na barua kwa mtendaji imepelekwa? Bila hivyo viwili vijana wanaweza kuja Jumamosi wakasimamishwa njiani.

[09:27] Chande: Mwalimu wewe ni timu gani kwanza

[09:27] Juma Fundi: Mwalimu ni Coastal Union, anajificha

[09:31] Mama Nasra: 😂😂😂 jamani

[09:48] Deo Nairobi: Huku Nairobi kuta ni jambo zito sana. 2012 kina Boniface Mwangi, yule mpiga picha mwanaharakati, walichora katikati ya jiji mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi, nchi nzima ikasimama kuangalia. Na Kibera, baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, kuna mchoraji anaitwa Solo 7 alizunguka na brashi akiandika maneno ya kuomba amani kila mahali, mabati, kuta, vibanda. Yule hakuomba barua kwa mtu.

[09:50] Mama Shani: Deo asante, na elfu kumi yako?

[09:50] Deo Nairobi: Mtandao unasumbua hapa

[12:05] Mama Shani: Mwalimu, barua nimeandika, mwenyekiti wa mtaa kasaini, mtendaji hakuwepo, narudi kesho. Kuhusu Bi Zuhura nilimwambia Rehema wiki iliyopita naye akasema sawa. Rehema uko humu, thibitisha.

[12:06] Mama Shani: @Rehema

[16:40] Mama Shani: @Rehema

ALHAMISI

[05:58] Mama Shani: Amkeni. Nyumba nane sasa. Mahitaji: ndoo mbili za lita 20 rangi nyeupe ya maji, rangi za mafuta makopo kumi na mawili, tinna, msasa, brashi, rola tatu, ngazi mbili. Ngazi moja ninayo. Nani ana nyingine?

[08:10] Juma Fundi: Mama Shani jana jioni nilipita pale nikaugusa ukuta kwa mkono. Kuna shida.

[08:10] Mama Shani: Shida gani tena

[08:14] Juma Fundi: Ile rangi ya tangazo la simu inabanduka yenyewe, unavuta kwa kucha inakuja kipande kama ganda la ndizi. Ni rangi ya maji iliyopakwa juu ya rangi ya mafuta, na waliopaka hawakupiga msasa. Rangi ya mafuta imeteleza kama kioo, ya maji haina pa kushika. Ukipaka nyingine juu yake, mwaka hauishi yote iko chini.

[08:15] Mama Shani: Kwa hiyo?

[08:16] Juma Fundi: Kwa hiyo ni kukwangua ukuta wote mpaka kwenye lipu, ndiyo tupige mkono wa kwanza. Siku mbili za kazi kabla ya mchoraji kushika brashi. Ningepata watu wanne leo ningeanza leo.

[08:17] Mama Shani: ANZENI LEO. Chande, Baba Nasra, Salum, kwangueni.

[08:40] Salum: Niko kazini

[08:52] Chande: Mgongo

[10:22] Rehema: Shikamooni wote. Samahani sikuwa na bando. Naomba msikwangue kwanza.

[10:23] Rehema: (picha)

[10:24] Rehema: (picha)

[10:24] Rehema: Hii ni kona ya mnazini. Ganda limedondoka lenyewe baada ya mvua ya juzi. Angalieni vizuri.

[10:31] Mwalimu Tito: Hilo ni jicho la samaki?

[10:32] Rehema: Ndiyo Mwalimu. Na ule mstari mwekundu ni tanga la ngalawa.

[10:40] Mzee Selemani: La ilaha illallah. Hamisi.

[10:41] Salum: Hamisi gani huyo? Mimi nilihamia 2014

[10:58] Mzee Selemani: Salum, marehemu Hamisi ni mtoto wa Bi Zuhura, baba mdogo wa Rehema. Alijifunza kuchora kwa wazee wa mtindo wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay. Unajua Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora hapa kwetu 1968. Hakuwa na turubai. Alichora kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndiyo aliyoweza kuipata. Mimi nilikuwa mdogo, nikitumwa dukani nikizikuta zile picha zimeegemezwa, sipiti mpaka nihesabu madoa ya chui. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Waliobaki wakaendeleza. Hamisi ni wa wanafunzi wa wanafunzi wake.

[11:03] Mzee Selemani: Mwaka 1999 Hamisi aliujaza ukuta huu peke yake kwa rangi ileile ya baiskeli. Fundi, ndiyo hiyo mafuta unayosema imeteleza kama kioo.

[11:05] Juma Fundi: Sasa naelewa Mzee. Basi ile ya chini haijafa. Iliyokufa ni ya juu.

[11:09] Mama Gift: Jamani wale samaki! Mwanangu wa kwanza alijifunza kuhesabu pale. Walikuwa kumi na saba na mmoja amejificha nyuma ya jahazi

[11:10] Mama Nasra: Kumi na nane na huyo aliyejificha

[11:10] Mama Gift: Kumi na saba PAMOJA NA aliyejificha

[11:12] Chande: Mmoja aliliwa na Simba

[11:15] Mama Shani: Tusitoke nje ya mada. Jumamosi iko palepale. Fundi, nini kifanyike?

[11:40] Juma Fundi: Ndiyo nafikiria.

[11:52] Mama Gift: Mimi nauliza tu, nisieleweke vibaya. Hivi lile tangazo lilipakwa kwa ruhusa ya nani? Miaka yote hatukuwahi kuambiwa.

[11:53] Mama Shani: Mama Gift hiyo ni habari ya 2011, tuiache

[11:53] Mama Gift: Naiacha. Nimeuliza tu.

[12:20] Salum: Kampuni za simu zilikuwa zinapaka nyumba za watu nchi nzima, unapewa rangi bure na kitu kidogo. Nani alipewa hicho kitu kidogo?

[12:21] Salum: Nauliza kama mgeni

[12:47] Baba Nasra: Naona mnazunguka, mnataka kunitaja. Nitajeni. Nilikuwa mjumbe, nilisaini mimi. Ilikuwa laki moja na nusu. Ikajenga kivuko cha mtaro ambacho nyote mnapita mpaka leo, pamoja na wewe Mama Gift na pikipiki ya mwanao.

[12:49] Mama Gift: Kivuko tulichangishwa elfu tano tano Baba Nasra. Ninayo daftari.

[12:50] Baba Nasra: Saruji ilipanda bei!

[12:51] Baba Nasra: Na ukuta ulikuwa umechakaa

[12:52] Mama Nasra: Baba Nasra weka simu chini

[12:53] Baba Nasra: Ujumbe huu umefutwa

[12:53] Baba Nasra: Ujumbe huu umefutwa

[13:30] Mama Shani: Nyumba tisa. Asante Salum.

[17:20] Rehema: Bibi amesomewa yote. Anataka kusema. Anatuma sauti.

[17:26] Rehema: (ujumbe wa sauti, 4:12)

[17:29] Deo Nairobi: Rehema nifanyie hisani uiandike, hapa nilipo sauti haifunguki

[17:51] Rehema: Naandika kama alivyosema:

"Marahaba wote. Mimi mwaka ule nilikuwa eda ya mume wangu. Miezi minne na siku kumi sikutoka mlangoni. Siku moja nikasikia ngazi inaburutwa nje, nikauliza, nikaambiwa vijana wanasafisha ukuta. Nikasema Mungu awabariki, wamemkumbuka Hamisi. Nilipomaliza eda nikatoka, nikakuta ukuta wote rangi moja na maandishi ya simu. Samaki hakuna, jahazi hakuna. Mume nimemzika kwa mkono wa watu na mtoto nimezikiwa mara ya pili mimi nikiwa ndani.

Sikusema. Niliona nikisema mtaa utagawanyika, na Baba Nasra ndiye aliyelibeba jeneza la Hamisi upande wa kichwa, hilo silisahau. Lakini hakuna aliyekuja kuniuliza, si siku ile, si leo. Mama Shani, mwanangu, umemuuliza Rehema. Rehema ni mtoto. Ukuta ni wangu.

Sikatai watoto wachorewe. Hamisi aliufanya kwa ajili ya watoto. Nawaomba moja tu, msiniwekee rangi juu yake tena. Hiyo mvua imeshaanza kumfunua. Na nyinyi kama mna nguvu mfunueni, kama hamna mwacheni."

[17:52] Rehema: Basi.

[20:04] Mama Shani: Shikamoo Bi Zuhura. Nimesikia. Nimekosa mimi, nilipaswa kuja mwenyewe na kukaa chini. Kesho baada ya sala ya alfajiri nitakuwa barazani kwako.

[20:15] Mwalimu Tito: Shikamoo Bibi. Pole sana kwa yote.

[20:16] Mama Gift: Shikamoo Bi mkubwa 🙏🏾

[20:31] Mzee Selemani: Zuhura amesema. Asiongeze mtu neno juu ya neno lake usiku huu.

IJUMAA

[07:25] Mama Shani: Nimetoka kwa Bi Zuhura. Tumekunywa chai, tumelia, tumecheka. Amekubali upande wa shule uchorwe upya, kuanzia getini mpaka kwenye nguzo ya umeme, maana Hamisi hakufika huko. Kutoka nguzo mpaka mnazini hakuna kupaka. Fundi sema.

[07:48] Juma Fundi: Nimejaribu kipande cha kiganja kimoja. Maji ya vuguvugu, kitambaa, na kisu cha mbao. Kisu cha chuma hapana, kitamchuna samaki. Ganda linatoka polepole. Sehemu zilizopigwa na chumvi ya bahari, ya chini nayo inakuja, pale tutapoteza. Siwadanganyi kwamba yote itarudi. Jicho na tanga viko imara.

[07:50] Mama Shani: Itachukua muda gani

[07:51] Juma Fundi: Watu kumi, siku mbili. Watu wawili, mpaka mvua itukute.

[07:58] Mwalimu Tito: Watoto wa darasa la sita wanaweza kusaidia sehemu za chini Jumamosi, nikipata idhini za wazazi leo. Nyumbani kwa nani kuna picha ya zamani ya ukuta? Arusi, ubatizo, chochote. Ili fundi ajue chini kuna nini kabla hajafika.

[08:03] Mama Nasra: Harusi yangu tulipiga picha pale. Naitafuta.

[08:20] Chande: Nimetuma elfu ishirini. Simba mchoreni tu.

[08:21] Mama Shani: Chande!! Mungu akuzidishie.

[08:21] Juma Fundi: Umeumwa?

[09:30] Mama Shani: Ila vijana wa kuchora wanasema wao walipanga ukuta mzima, sasa nusu imetoka, na mmoja anataka hiyo nafasi ya katikati achore mvuvi kwa rangi za kupuliza. Nimemwambia hapana. Amekasirika. Wanaweza kuja watatu.

[09:33] Deo Nairobi: Si mumpe ukuta wa kwa Salum

[09:34] Salum: Ukuta wangu ni wa mwenye nyumba

[11:10] Mama Shani: Mtendaji anataka aione michoro kwenye karatasi kabla ya kugonga muhuri. Ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Mwalimu unaweza kuichora haraka hata kwa penseli?

[12:40] Mama Shani: Mwalimu?

[14:02] Mwalimu Tito: Nilikuwa darasani, kisha nje ya msikiti nikimsubiri Mzee Selemani. Nachora sasa.

[16:15] Mama Shani: Tumekuta mlango umefungwa. Mwenyekiti anasema tuanze kukwangua, kukwangua hakuhitaji muhuri. Kuchora tusubiri Jumatatu. Vijana wa kuchora Jumatatu hawapo. Naongea nao.

[16:17] Mama Shani: Basi kesho saa moja, wa kukwangua tu. Nani anakuja? Andikeni majina.

[16:18] Juma Fundi: Juma

[16:25] Rehema: Rehema

[16:40] Mwalimu Tito: Tito na watoto tisa

[19:12] Mama Nasra: (picha)

[19:12] Mama Nasra: Nimeipata. Harusi yetu. Nyuma ya bega la Baba Nasra, chini ya jahazi, Hamisi ameweka jina lake na mwaka. Fundi, hapo muwe na mkono mwepesi.

[19:40] Rehema: Bibi ameomba nimwachie simu aitazame.

[21:55] Baba Nasra: Ngazi ninayo. Naileta alfajiri.

[23:18] Mama Gift: Ndiyo nasoma sasa hivi jamani, nilikuwa msibani Temeke. Kwa hiyo kesho ni kupaka au kubandua? Na chai nipike ya watu wangapi