Albania 1997: ulikuwa ukanda au ni hela tu?

Mleta mada:
Wadau, kila zikitajwa zile vurugu za Albania za 1997 lazima atokee mtu aseme kaskazini walipigana na kusini. Mi naona hiyo stori imepikwa. Sawa, mto Shkumbin upo katikati ya nchi, kaskazini yake Wagheg, kusini Watosk (Waalbania wote, ila lahaja tofauti), na Sali Berisha, rais wa wakati huo, kweli ni mtu wa Tropojë huko milimani kaskazini. Lakini angalia kilichowasha moto: makampuni ya upatu yalianza kuanguka Januari, madeni yake yalikaribia nusu ya pato la nchi nzima, watu walishauza nyumba na mifugo wakaweka humo (waliowahi kupanda mbegu hapa kwetu wananielewa). Mji wa Vlorë huko kusini walichachamaa kuliko wengine kwa sababu Gjallica ilikuwa kampuni ya upatu ya palepale kwao, na kusini ndo kulikuwa na hela za vijana waliozamia Ugiriki. Mtu kaliwa hela yake, ukabila unatoka wapi?

Mdau 1:
Mkuu umerahisisha mno. Hasira za kusini zilianza kabla, Berisha alipoingia 1992 usalama wa taifa ulijaa watu wa kwao kaskazini, Fatos Nano, kiongozi wa Wasoshalisti waliokuwa upinzani, akafungwa 1993, halafu Machi 1997 nchi inawaka bunge linamchagua tena Berisha siku moja tu baada ya hali ya hatari kutangazwa, sasa mtu wa Vlorë aelewe nini hapo? Na kaskazini nao walikuwa na lao, enzi za Enver Hoxha, yule dikteta wa kikomunisti aliyetoka Gjirokastër huko kusini, watu wa kusini ndo walikula nchi, mpaka Kialbania sanifu cha 1972 kimeegemea Kitosk.

Mleta mada:
Usalama nakupa, hapo sibishi. Ila Ramiz Alia aliyemrithi Hoxha 1985 alikuwa wa Shkodër, kaskazini hiyohiyo, huyo utamweka wapi? Na Berisha mwenyewe alikuwa mwanachama wa chama kilekile cha kikomunisti cha Hoxha, daktari wa moyo pale Tirana. Hawa wakubwa walikula pamoja, kiti kilipotikisika ndo wakakumbuka kwao ni wapi. Maghala ya silaha yalivunjwa hata kaskazini, na Berisha huyohuyo alimpa uwaziri mkuu Bashkim Fino, aliyewahi kuwa meya wa Gjirokastër! Watu kama 2,000 walikufa, ndiyo, ila kwa ujambazi, visasi na risasi za ovyo, jeshi la kanda moja kuvamia nyingine halikuwepo.

Mdau 2:
Mi nipo katikati. Upatu ulileta hasira, ila nani alaumiwe ndo ukanda ukaamua. Uchaguzi wa Juni Wasoshalisti wakashinda, Berisha akaachia ngazi, na kwa miaka mingi baadaye ramani ya kura ilibaki ileile, Shkodër kwa Berisha, Vlorë kwa Wasoshalisti, wakati upatu ulishakufa zamani. Mleta mada hiyo unaielezaje?