Tupeane uzoefu: madishi yaliyozungushwa na mota

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Wakuu, jana nikipanga stoo nilikutana na mkono wa mota wa inchi 18 uliokuwa ukizungusha dishi letu la futi 8, umeganda kwa kutu, nikamkumbuka marehemu baba akiwa sebuleni anabonyeza kitufe cha mashariki, nasi watoto tukiwa uani tunapaza sauti kumjulisha kama dishi limeanza kusogea au mota inanguruma bure. Waliopitia enzi hizo naomba tusimuliane: mlikuwa mkisaka setilaiti zipi, na dishi liliwaponza vipi?

Mchangiaji wa Mombasa

Sisi tulikuwa tukihama kati ya setilaiti ya digrii 68.5 mashariki kwa chaneli za Kihindi na ile ya digrii 26 mashariki kwa chaneli za Kiarabu. Adui yetu alikuwa chumvi ya bahari, ambayo ilikula mikono mitatu ya mota kabla dishi lenyewe halijachakaa.

Mchangiaji wa Tanga

Mimi siwezi kulizungumzia dishi bila kuitaja tarehe 9 Julai 2006. Fainali ya Kombe la Dunia, Italia na Ufaransa, ilianza saa tatu usiku kwa saa zetu, na kwa kuwa dishi la mota mtaani lilikuwa letu peke yake, ua ulijaa watu waliokuja na mikeka yao. Picha ilitulia hadi dakika za nyongeza, ndipo umeme ukakatika kwa sekunde chache. Uliporudi, kidhibiti cha mota kilikuwa kimepoteza hesabu. Wenzangu mnajua kwamba kile kifaa hakioni dishi liko wapi. Kinahesabu tu mapigo ya sumaku ndogo iliyomo ndani ya mota, na hesabu ikifutika, namba zote ulizohifadhi zinakuwa uongo. Basi kikaanza kulipeleka dishi kilikodhani ndiko, na picha ikatoweka.

Kaka yangu alipanda juu ya banda la kuku ili alisukume kwa mkono, nami nikabaki ndani nikibonyeza magharibi, na kwa zile kelele hakusikia nilipomwonya kwamba mota imeanza kuvuta. Kidole chake cha shahada kikabanwa kati ya mkono wa mota na kibano chake. Alipiga ukelele, na wakati huohuo redio ya jirani ikatangaza kwamba Zidane ametolewa kwa kadi nyekundu, ua mzima ukapiga ukelele pamoja naye, kwa hiyo hakuna aliyetambua kwamba mmoja wetu alikuwa akilia kwa sababu nyingine kabisa. Mimi nilifahamu nilipotoka nje na kuona damu ikichuruzika ukutani. Penalti tulizisikiliza kwenye redio ya mlinzi wa hospitali.

Mchangiaji wa Dodoma

Nimeisoma mara mbili. Pole sana, na je, kidole kilipona?

Fundi, Morogoro

Poleni. Watu huniuliza kama ile volti 36 ya mota inaua; sijawahi kuona mtu aliyedhurika kwa umeme wake, lakini mkono unaolisukuma dishi la futi 8 pamoja na upepo unaolipiga hausimami kwa ajili ya kidole. Chomoeni waya kwanza, kisha ndipo mguse. Vilevile mota ifungwe tundu lake la kutolea maji likiwa chini, kwa sababu wengi hulifunga juu, masika yakaingia moja kwa moja.

Mchangiaji wa Muscat

Assalaam alaykum. Mimi nililizoea dishi nikiwa huku Omani. Siri ni moja tu, nayo ni kuulenga mhimili, yaani ekseli ambayo dishi huizunguka, kusini barabara. Ukikosea hapo, utaipata setilaiti moja na kuzikosa nyingine zote.

Fundi, Morogoro

Ndugu yangu, ukimwambia hivyo mtu wa Dar atatafuta mpaka kiama. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo mstari wa setilaiti uko upande wetu wa kaskazini.

Mchangiaji wa Muscat

Nimefunga madishi matano kwa mikono yangu, na yote yalishika.

Fundi, Morogoro

Yalishika huko Muscat.

Mchangiaji wa Kampala

Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Hapa kwetu ikweta iko jirani, mhimili unakaribia kulala chali, na dishi likilenga setilaiti za katikati linatazama mbinguni kama karai. Mvua ikinyesha tunakinga maji, na asubuhi tunakuta ndege wanaoga humo.

Mchangiaji wa Arusha

Mimi niliwafukuza mafundi wawili bila hatia. Kila mwaka, siku chache za Machi na nyingine za Septemba, picha ya 68.5 ilikuwa ikipotea saa nne asubuhi kwa dakika kadhaa. Fundi wa kwanza alibadilisha LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, wa pili akalipwa kwa kupanda ngazi tu, maana picha ilirudi kabla hajaigusa hata nati moja. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba siku hizo jua hupita nyuma ya setilaiti, na kelele zake huyafunika yale mawimbi hafifu yanayotoka kimo cha kilomita 35,786 juu ya ikweta. Yule wa pili, nadhani, alikuwa akilijua jambo hilo tangu mwanzo.

Mchangiaji wa Dodoma

Kwa nini msifunge dishi moja lenye LNB mbili pembeni, mkaachana na mota?

Mchangiaji wa Mombasa

Kati ya 26 na 68.5 kuna zaidi ya digrii 40, ndugu. LNB ya pili utaitundika kwenye nguzo ya jirani.

Mchangiaji wa Tanga

Kwa aliyeuliza, kidole kilipona ila hakikunjiki. Kaka anaisoma mada hii hapa pembeni yangu, naye anamwuliza mwanzisha mada kama ule mkono wa inchi 18 ulioganda unauzwa.