Mafundi wa Mbeya mnaochomeka xenon kwenye taa za H4, mtatuua

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira na uzi ni mrefu, mnivumilie.

Kuna duka moja la urembo wa magari hapa mjini, jina naliweka kapuni kwanza kwa sababu bado tunadaiana, limemfungia mdogo wangu xenon, zile balbu za gesi zenye mwanga mkali, za laki na ishirini, kwenye Probox yangu ambayo taa zake ni za H4, balbu ya kawaida ya halojeni. Hakuna aliyewatuma waguse taa. Dogo alipeleka gari kumwaga oili gereji ya jirani yao. Wakati anasubiri, kwenye stori za hapa na pale, akasema taa siku hizi hazimuliki vizuri usiku. Basi, hilo tu. Kufumba na kufumbua kijana wa dukani huyo hapo na boksi mkononi: "Kaka, hizi ni elfu nane kelvini, funga hizi unaona mpaka Kasumulu kule mpakani." Hela ya matairi ikaishia hapo.

Ingekuwa nimepigwa hela tu ningenyamaza, hela inatafutwa. Ila gari hili kazi yake ni kutoka Mbeya usiku, kupakia ndizi na parachichi Tukuyu, na kushusha Mwanjelwa kabla soko halijachangamka. Mnaoijua ile barabara kutoka Uyole kupanda Isongole mnajua ninachosema. Ukungu wa kule haukupigii hodi. Unakata kona, uko ndani yake.

Na balbu zangu za zamani, hafifu hivyo hivyo, nilikuwa napita. Naona mstari mweupe, naona ukingo wa lami, natambaa mdogo mdogo. Na hizi xenon zao nimewasha, mbele yangu umesimama ukuta mweupe. Lami haipo. Mstari haupo. Ninachokiona vizuri ni matawi ya mikaratusi huko juu, yameangaziwa mpaka unahesabu majani. Nani aliwaambia naendesha gari juu ya miti? Ikabidi nitoe kichwa dirishani na baridi ile ya Rungwe mpaka nikakuta pa kuegesha.

Kukucha nikafungua boneti. Jamani. Kile kifuniko cha mpira nyuma ya taa, kinachozuia maji na vumbi, wamekitoboa na kitu cha moto, tundu lina kingo zilizoyeyuka na mtu mzima anapitisha kidole. Soketi ya kiwandani imekatwa. Imekatwa, haijachomolewa. Nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi ambayo tayari imeanza kuachia. Balasti, kile kidude kinachoiwasha xenon, kimefungwa na kamba ya plastiki kwenye bomba la maji ya rejeta. Mnajua kile kidude kinatoa nini pale unapowasha? Msukumo wa zaidi ya volti 20,000 ili cheche iruke ndani ya ile gesi, halafu ndiyo inashuka na kutulia kwenye volti kama 85. Kitu cha namna hiyo kinaning'inia kwenye bomba la maji, na kifuniko kina tundu. Na ukiwasha taa, redio inakoroma, hata taarifa ya habari husikii.

Nikaenda dukani. Nimekuta vijana wawili wanamfungia mwingine wa Raum. Nikauliza kwa upole kabisa, mbona mwanga unaenda juu? Jibu: "Boss, hizo zina nguvu, lazima zisambae." Nikauliza soketi yangu iko wapi. "Tulitupa." Balbu zangu mbili za H4? "Zile zilishachoka, boss." Walinunua wao? Halafu mmoja, anayeonekana ndiye mkubwa, akaniambia neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Kaka, magari mangapi tumefunga hapa? Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

Atarudije? Anayeumia ni yule anayekuja mbele, na yeye halijui duka lako.

Sasa kwa faida ya wasiojua, na kwa faida ya hao vijana kama wanapita humu. Balbu ya H4 ina nyuzi mbili. Moja ya fulu, moja ya dimu. Ule uzi wa dimu una kikombe kidogo cha bati chini yake, ukiishika balbu mkononi unakiona. Kazi ya kile kikombe ni kuzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya rifrekta (kile kioo cha ndani ya taa kinachorusha mwanga mbele), maana mwanga wa pale ndio unaorushwa juu. Ndiyo maana taa nzima ya dimu ukiielekeza ukutani unaona mstari: chini mwanga, juu giza. Rifrekta yote imechongwa kufuata ule uzi ulipo, na ukisogea hata milimita moja mambo yanaharibika. Hakuna uchawi hapo, ni hesabu za kioo.

Xenon haina uzi. Ina cheche inayowaka kati ya ncha mbili ndani ya kichupa, umbo lake tofauti na mahali pake tofauti. Ile ya kuchomeka kwenye H4 wanaifanya isogee mbele na nyuma kwa sumaku ili ijifanye fulu na dimu. Ikiwa ya bei ya sokoni, ile sumaku inakwama. Yangu ya kushoto ilikwama. Kwa hiyo nilikuwa natembea na jicho moja kwenye dimu na jingine kwenye fulu, nazima nawasha, nazima nawasha, haibadiliki.

Halafu angalieni namba. H4 ya kawaida ya wati 55 kwenye dimu inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 1,000. Xenon ya wati 35 inatoa kama 3,200. Mara tatu! Sasa chukua mwanga mara tatu, utupe ndani ya rifrekta isiyoujua, bila kikombe cha kuuzuia vizuri. Unadhani unaenda wapi? Unaenda machoni kwa dereva wa Scania anayeshuka kutoka Mlima Nyoka na tani zake nyuma. Tangu wafunge hivi vitu, kuanzia Uyole mpaka Mafiati napigwa fulu na kila mtu. Malori, Coaster, hadi bajaji. Nawaonyesha kwamba niko dimu, hawaniamini, na wana haki.

Na wenzetu wenye xenon za kiwandani msije na povu, sina ugomvi na nyie. Xenon ni teknolojia nzuri, BMW waliiweka kwenye gari lao la mfululizo wa 7 tangu 1991 na Wajapani wakaifuata. Lakini taa ile ilichorwa kwa ajili ya balbu ile. Ulaya kanuni inataka taa yenye balbu ya zaidi ya lumeni 2,000 iwe na mtambo wa kujishusha yenyewe gari likilemewa nyuma, na mtambo wa kuosha kioo, kwa sababu uchafu unatawanya mwanga. Hata balbu zenyewe hazifanani. D2S, xenon ya kiwandani, ni ya taa yenye lensi ya projekta, ile ya duara inayokusanya mwanga. Walipotaka kuweka xenon kwenye taa ya rifrekta wakatengeneza D2R, ambayo kichupa chake kimepakwa rangi nyeusi sehemu fulani ili kuficha mwanga usiotakiwa. Mtu wa kiwandani, mwenye maabara na vipimo, ameona haiwezekani balbu moja ikafaa kote. Kijana wa Mbeya na koleo amewezaje?

Uingereza tangu 2021 gari likienda ukaguzi wa mwaka na taa ya halojeni iliyochomekwa xenon, taa hiyo inafelishwa. Hawakuulizi inamulika mbali kiasi gani.

Tuje kwenye hiyo "elfu nane kelvini", hapa ndipo uongo ulipo mtupu kabisa. Dogo aliambiwa namba ikiwa kubwa, mwanga ni mkubwa. Si kweli! Kelvini ni rangi. Xenon za kiwandani ni kama 4,300, nyeupe yenye njano kidogo. Ukipanda 6,000 inakuwa nyeupe kali, 8,000 buluu, 10,000 zambarau ya harusini. Na kadiri unavyopanda, mwanga unaofika barabarani unapungua, hauongezeki. Kwa hiyo mtu amelipishwa zaidi ili aone pungufu. Ukiwaambia wanacheka: "Lakini inapendeza, boss." Inapendeza ikiwa imeegeshwa. Mimi nabeba ndizi, sibebi maharusi.

Najua watakuja wa kusema "mbona mimi nimefunga na naona fresh". Unaona mita kumi za mbele ya bampa, mkuu. Pale mbele pananing'aria hata mimi. Lakini jicho likipokea mwanga mwingi karibu, mboni inajibana, na kule mbali unapotakiwa kumwona mwenye baiskeli asiyekuwa na taa panazidi kuwa giza. Unajisikia unaona. Nenda Mbalizi saa mbili usiku, pale watu wanapovuka na mikokoteni, halafu uniambie.

Na wenye LED zile zenye feni nyuma, msijifiche. Nyingi ni yale yale, balbu ngeni kwenye rifrekta ya halojeni. Tofauti ni kwamba hazina balasti ya kurusha cheche.

Kinachonikera kuliko vyote ni kwamba shida ya gari ilikuwa ndogo na fundi wa kweli angeiona bila hata bisibisi. Kioo cha taa kilikuwa kimepauka, kimekuwa cha njano kama cha Probox zote zilizokaa juani. Msasa wa maji, kuanzia mkali kwenda laini, dawa ya kung'arishia, mchana mmoja umemaliza. Cha pili ni umeme. Gari la umri huu nyaya zimechoka, na mwendo wa umeme kupitia swichi unaufanya ufike kwenye balbu umepungua. Volti zikipungua asilimia 10 tu, mwanga wa halojeni unashuka karibu asilimia 30. Unavuta nyaya nene kutoka kwenye betri, unaweka rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme) na fyuzi, balbu zile zile unaziona zimefufuka. Halafu unaegesha sehemu tambarare, unaangalia ukutani kwa mita kumi, ule mstari uwe umeshuka sentimita kama kumi kutoka usawa wa taa. Kazi imeisha. Balbu mbili mpya za H4 za wati 60/55 hazifiki hata robo ya laki na ishirini.

Lakini hiyo haina faida kubwa dukani, si ndiyo? Kusugua kioo ni jasho. Kuchomeka boksi ni dakika ishirini na "ndaga (asante) kaka, karibu tena".

Nimewaambia wanirudishie hela na gari lirudi lilivyokuwa. Wakaniletea habari za waranti: waranti inahusu balbu ikiungua, na yangu haijaungua, inawaka! Kwa akili yao taa inayowaka haina ubovu. Badala ya hela wamesema watanibadilishia wanifungie za kelvini 6,000, yaani nichague rangi ya kufia. Nimekataa. Nimepiga picha kila kitu, kifuniko, nyaya, balasti kwenye bomba, na mwanga ulivyo ukutani, kushoto juu kulia chini. Risiti ninayo, dogo kwa bahati aliidai. Nimewapa mpaka Jumamosi. Wasiponirudishia naenda nazo mbele, na jina la duka linatoka kapuni na kuwekwa hapa hapa.

Na wewe mwenye Raum niliyekukuta pale ukifungiwa, kama unasoma, ulikuwa na boda wawili pembeni wanakusifia. Nilikwambia uache, ukaniona mshamba. Ukikutana na mimi Isongole na wewe unapanda mimi nashuka, tafadhali simama pembeni nipite.

Kwa sasa gari limelala. Natafuta soketi ya H4 ya kiwandani ya Probox, mbili, ziwe na mkia wa nyaya angalau shibri moja ili niunge mbali na joto la balbu, pamoja na vile vifuniko vya mpira vya nyuma ya taa. Za kukatwa kwenye gari lililoanguka sina shida nazo. Nimezunguka Mwanjelwa na Kabwe, wenye spea wananiletea za kuiga tu, laini, zinayeyuka. Mwenye nazo Mbeya, Makambako au hata Iringa anicheki inbox na picha na bei, na kama kuna fundi umeme wa magari anayejua kufunga rilei bila kukata waya wa watu, mtajeni.