Kemia ya kidato cha tatu mtandaoni: bando dogo, simu moja

Mzazi, Chumbageni Tanga: Wakuu, binti anataka vipindi vya jioni vya kemia mtandaoni. Inafaa kwa bando la kuunga?

Jibu: Inafaa, mzime video. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kama megabaiti 29 kwa saa. Video hula mamia. Mwalimu atume notsi mapema, kipindi kirekodiwe. Akikwama kwenye moli (kipimo cha kiasi cha dutu) anarudia dakika ileile. Darasani nani atamrudishia?

Jibu: Titresheni je, lile jaribio la kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine hadi viishe kumenyuka? Kusoma bureti (mrija wenye alama za vipimo), jicho likiwa sawa na chini ya mkunjo wa kimiminika, hadi sentimita za ujazo 0.05, hakujifunzwi kwa kutazama. Mtafutie maabara Jumamosi.

Jibu: Na azime arifa za WhatsApp. Akili huhamia huko.