Uwanja wa barafu wa Harding, Alaska: mwenye goti bovu anaweza?

BintiPwani:
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Katikati ya Juni mimi na mume wangu tutakuwa Anchorage, na nimeng'ang'ania tupande kutoka Exit Glacier, ile barafuto (mto wa barafu) iliyo karibu na mji wa Seward, hadi kwenye uwanja wa barafu wa Harding, yaani lile eneo kubwa la barafu juu milimani. Mwenzangu goti linamsumbua akishuka mlima. Mazoezi tunayo, ila ni ya njia tambarare. Twende, au niridhike na picha za mtandaoni?

MkaziWaSeward:
Karibuni, dada. Umbali usikudanganye. Ni maili 8 na kidogo kwenda na kurudi, lakini kila maili inakupandisha futi 1,000 hivi. Tengeni saa 6 hadi 8. Kupanda mtahema tu, yataisha. Kushuka ndiko kutakakomtesa shemeji, kwa hiyo pangeni safari kwa kufuata goti lake. Kila mtu awe na fimbo mbili.

Kingine ni theluji. Juni sehemu ya juu bado imefunikwa, kwa kawaida mpaka Julai, na jua likishapanda inalainika, mguu unazama. Piteni kwanza kituo cha wageni pale chini, waulizeni askari wa hifadhi njia ikoje siku hiyo. Kiingilio hakuna.

Sasa, najua wapanda milima watanirukia, lakini msiape kufika mwisho. Njiani mkipita sehemu iitwayo Marmot Meadows mtafika nyingine iitwayo Top of the Cliffs, na hapo mnaanza kuuona uwanja wenyewe. Ni kilomita za mraba 1,800 hivi. Unguja nzima inaingia na nafasi inabaki. Weupe mpaka macho yachoke, na vilele vya milima vimechomoza vichwa tu, kiwiliwili kiko chini ya barafu. Ukiketi hapo ukala chakula chako ukageuka, hujapunjwa kitu. Koti na glavu msiache hata jua likiwaka, upepo unaoshuka kutoka kwenye barafu hauna huruma. Miwani ya jua pia.

Kibuyu77:
Mzee umesahau dubu!

MkaziWaSeward:
Sijasahau, nilikuwa namwacha dada apumue. Dubu weusi huonekana njia hiyo karibu kila siku wakati wa kiangazi. Vichakani ongeeni kwa sauti, chakula kisiachwe ovyo. Mbwa haruhusiwi. Ninachokiogopa zaidi ni wageni wanaotaka kukanyaga barafu ili wapigwe picha. Theluji hufunika nyufa, huzioni mpaka umetumbukia. Bila kamba na mwongozaji, baki kwenye njia.

Kibuyu77:
Goti likigoma, kuna njia fupi za bondeni zinazoelekea kwenye barafuto. Kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilikuwa imefika wapi, na kutoka kibao hadi kibao unatembea kweli. Obama alipita hapo Septemba 2015.

BintiPwani:
Ahsanteni sana. Basi tutalenga Top of the Cliffs, mengine goti litaamua. Ile dawa ya kupulizia dubu niinunue huku nije nayo?

MkaziWaSeward:
Hapana, kwenye ndege hairuhusiwi, hata kwenye mzigo wa chini. Nunueni Anchorage kabla hamjashika barabara ya Seward.