Tupeane uzoefu: gavana akiacha kiti njiani, ninyi mlipataje mwingine?

Mkazi wa Gresham

Wakuu, salaam. Jana nilibishana na mdogo wangu wa Dar kwenye simu mpaka salio likaisha. Yeye anasema gavana akijiuzulu naibu wake anaingia, biashara imekwisha. Nikamwambia huku Oregon hatuna naibu gavana. Akadhani namtania. Basi nimeona tuliokaa kwenye majimbo ya namna hii tusimulie, kila mtu alichokiona kwa macho yake. Naanza mimi.

Februari 2015 nilikuwa nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kulikuwa na bibi mmoja, miaka tisini na ushei, halali mpaka taarifa ya habari iishe. Wiki hiyo televisheni ilikuwa na jina moja tu: John Kitzhaber. Daktari, mvaaji wa jinzi na buti, alishatawala mihula miwili tangu 1995, akapumzika, akarudi 2011. Januari 12 alikuwa ameapishwa kwa muhula wa nne. Magazeti yakawa yanamfuata mchumba wake, kwamba anapokea pesa za ushauri kutoka nje ya serikali huku akijishughulisha na mambo yaleyale ndani ya ofisi ya gavana. Ijumaa tarehe 13 mzee akatangaza anaachia ngazi. (Uchunguzi wa serikali kuu ulikuja kufungwa 2017 bila mtu kushtakiwa, tuseme na hilo.)

Nikamuuliza bibi, "Sasa naibu wake nani?" Akanitazama kama nimemuuliza mfalme wetu nani. Ndipo akanieleza: hapa anayefuata ni Katibu wa Jimbo, yule anayesimamia mambo ya uchaguzi. Tarehe 18 Kate Brown akaapishwa. Ila hakupewa miaka yote minne ya mwenzake. Katiba ya jimbo inampa mrithi kiti mpaka uchaguzi mkuu unaofuata tu, yaani Novemba 2016, na atakayeshinda hapo anamalizia miaka miwili iliyobaki. Kwa hiyo watu wa Oregon walichagua gavana 2014, wakachagua 2016, wakachagua tena 2018. Bibi alisema anaomba Mungu amfikishe hiyo ya 2016. Hakufika.

Mimi niliapa uraia Agosti 2016, kwa hiyo kura yangu ya kwanza kabisa Marekani ikawa hiyo. Na huku hakuna foleni wala wino kwenye kidole. Karatasi inakuja nyumbani kwa posta, na kabla yake kijitabu kinene cha kukueleza wagombea. Nilikaa mezani jikoni saa mbili nzima. Kinyozini kwetu tangu kiangazi hakuna aliyetaja ugavana, ni Trump na Clinton asubuhi mpaka jioni, na ubishi kidogo wa ile kodi ya makampuni makubwa, Pendekezo la 97, ambalo baadaye lilianguka vibaya. Kidogo niipite sehemu ya gavana bila kuijaza. Halafu nikakumbuka Julai mshahara wa kima cha chini ulipanda kutoka dola 9.25 kwa saa hadi 9.75, sheria aliyoisaini yule mama Brown mwezi Machi. Nilimpa nani? Kura ni siri. Ila ile nusu dola niliiona kwenye hundi.

Karibuni.

Mama Furaha

Jambo wote. Miye ni mama wa Uvira, Kongo, tulifika Portland 2009 tukitoka kambini. Niwaambie ya kwangu, nyumbani kwangu watoto hawajaacha kunicheka mpaka leo.

Mtihani wa uraia wakati ule ulikuwa na maswali mia moja, na moja lilikuwa hili: gavana wa jimbo lako ni nani sasa? Ile jina Kitzhaber haikutaka kuingia kichwani hata kidogo. Kingereza changu kilikuwa cha sokoni. Binti yangu akatafuta njia, akasema: "Mama, sema kiti saba, kiti saba, halafu ongeza ra." Basi nikawa napika foufou nasema kiti saba, naosha mtoto nasema kiti saba. Miezi mitatu. Barua ya kuniita ikatoka, mwisho wa Februari 2015.

Siku kumi kabla ya kwenda, binti anarudi shuleni analia kwa kucheka. "Mama, kiti saba ameondoka!" Nikafikiri ananichezea. Nikawasha televisheni, nikaona ni kweli. Nikakasirika, jamani! Mtu amekaa miaka yote hiyo, ameshindwa kungojea siku kumi tu? Lakini jina mpya lilikuwa rahisi. Kate. Mtoto akasema: "Kiti saba ametoka, Keti ameketi." Mara moja likaingia.

Nikaenda. Yule bwana wa ofisi akaniuliza maswali sita, yote nikajibu. Gavana hakuniuliza! Aliniuliza bahari iko upande gani. Nikabaki na Keti yangu mdomoni. Nikamwambia mwenyewe, bila kuulizwa: "And governor, Kate Brown." Akacheka, akaandika.

2016 karatasi ilipofika nilimpa huyohuyo. Watu wananiuliza ni kwa siasa gani. Siasa gani tena? Nilimsomea!

MtuWaBuru

Mama Furaha umeniua hapo kwa kiti saba 😂

Wacha niwape ya Nairobi, ambayo ni hadithi ya kura ambayo HAIKUPIGWA. Desemba 2020 Seneti ilimwondoa gavana wetu, Sonko. Sasa kwetu katiba ni wazi, kifungu cha 182: kiti kikibaki wazi, naibu anachukua na kumalizia muhula. Shida ni kwamba naibu hakukuwa. Igathe alijitoa Januari 2018 na nafasi ikakaa hivyo hivyo. Na kama hakuna naibu, Spika wa bunge la kaunti anakaimu na uchaguzi unafanywa ndani ya siku 60. Kwa hivyo Mutura akaingia ofisini kukaimu, IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ikatangaza kura Februari 18, 2021. Mtaani tukaamka. Nakwambia jamaa walichapisha fulana, mabango, gari ya vipaza sauti ikapita kwetu mara mbili kabla Krismasi kuisha. Mimi mwenyewe nilibeba fulana moja, siwezi kusema ya nani.

Halafu korti ikasimamisha. Kumbe kulikuwa na jina la Ann Kananu lililopendekezwa kitambo kuwa naibu na likakwama kortini. Januari kesi ikaondolewa, wawakilishi wadi wakampiga msasa, akaapishwa naibu siku hiyohiyo. Na ukishakuwa na naibu, uchaguzi wa nini? Novemba 2021 akaapishwa gavana kamili. Jiji la mamilioni ya watu, na mimi na kadi yangu ya kura kwenye droo.

Sasa ninyi mnasema mlingoja miezi 21 mkapiga. Sisi tuliahidiwa siku 60.

Kariakoo Kwetu

Mnajua kutuumiza. Sisi huku mkuu wa mkoa anateuliwa. Akiondolewa tunasikia kwenye taarifa ya habari usiku kwamba kuna "mabadiliko madogo", asubuhi picha ofisini imeshabadilishwa.

Swali langu kwa wa Oregon: huyo aliyekalia kiti tangu 2015, si anaingia kwenye kura 2016 akiwa na gari, ofisi na jina tayari? Mpinzani ana nini?

Mlimani Morgantown

Mkuu wa Kariakoo, swali lako ndilo lililochoma West Virginia nilipokuwa nasoma huko. Mimi nilikuwa na viza ya masomo, kwa hiyo sikupiga kura, nilikuwa mtazamaji. Lakini nimewahi kutazama mechi nyingi mbaya kuliko ile.

Ilianza na msiba. Seneta Robert Byrd alifariki Juni 2010. Gavana Joe Manchin akagombea kile kiti cha Washington, akashinda, Novemba akajiuzulu ugavana. Jimbo halina naibu wa kuchaguliwa, kwa hiyo rais wa Seneti ya jimbo, Earl Ray Tomblin, akakaimu. Na akawa anasema atakaimu mpaka 2012. Yaani karibu miaka miwili, mtu ambaye wapiga kura wa jimbo zima hawajawahi kumpa kura ya ugavana, na bado ni mkuu wa Seneti. Mwenye nyumba wangu, mzee aliyestaafu kazi ya mgodi, alikuwa mfuasi wa chama hichohicho cha Tomblin na bado alikuwa anatukana barazani kila jioni. Alisema kukaimu ni kushika mlango, si kuhamia.

Watu wakaenda mahakamani. Januari 2011 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hapana, uchaguzi ufanyike ndani ya mwaka. Ndiyo ikawa kura za mchujo Mei 14, na uchaguzi wenyewe Oktoba 4, 2011. Huo ndio uchaguzi mdogo wa ugavana kweli kweli, umesimama peke yake, hauna rais wala mbunge wa kuubeba. Watu waliojitokeza hawakuwa wengi. Darasani kwetu Wamarekani wengine hawakujua kuna kura.

Mpinzani alikuwa na nini? Aliitwa Bill Maloney, mfanyabiashara wa uchimbaji, hajawahi kushika cheo. Lakini alikuwa mmoja wa waliosaidia kupanga uchorongaji uliowatoa wale wachimbaji 33 wa Chile mwaka 2010. Sasa fikiria unalisema hilo kwenye jimbo la makaa ya mawe, mwaka mmoja na nusu tu baada ya mlipuko wa Upper Big Branch kuua 29. Mzee wangu alichanganyikiwa. Chama upande huu, Chile upande huu. Alirudi kutoka kituo cha kura amenyamaza, hakuniambia na mimi sikuuliza. Tomblin akashinda kwa tofauti isiyofika asilimia 3. Mwaka uliofuata wakakutana tena walewale wawili, Tomblin akashinda tena, safari hii kwa nafasi zaidi. Kwa hiyo kukalia kiti kunasaidia, ndiyo, ila Oktoba ile kulitikisika.

Da Zuhura

Naongeza ya Oregon, kwa kuwa Mkazi wa Gresham amerukia kwenye hundi.

Mpinzani wa Brown 2016 alikuwa Bud Pierce, daktari wa saratani wa Salem. Mimi nilikuwa bado sijaamua. Nilimpenda kwa sababu hakuwa mwanasiasa. Mwisho wa Septemba kulikuwa na mdahalo, Brown akasema kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupigwa nyumbani. Pierce akajibu kwa maana kwamba mwanamke mwenye elimu nzuri na kazi nzuri hapatwi na hayo. Ukumbini wakazomea. Aliomba radhi baadaye.

Dada yangu ni nesi mwenye shahada. Mwaka 2012 nilimchukua usiku na watoto wawili, begi moja, mguu mmoja una kiatu.

Karatasi yangu ilipofika kijitabu sikukifungua.

Kakuma hadi Salt Lake

Fupi tu. Utah tuna naibu gavana na bado tulirudi kwenye kura. Gavana Huntsman alijiuzulu Agosti 2009 akaenda kuwa balozi China, Gary Herbert akapanda, na 2010 ikabidi aombe kura za kumalizia muhula. Alishinda kwa mbali sana, hakukuwa na joto lolote. Mwaka 2012 tukamchagua tena. Mimi nakumbuka mabango ya uani kuliko mdahalo.

Fundi wa Beaverton

Wageni wa kura za posta, tahadhari mbili kutoka kwangu.

Ya kwanza ni saini. Bahasha unaisaini kwa nje, na wanailinganisha na ile waliyo nayo. Yangu ya leseni niliiweka wiki ya pili nchini, nikaandika jina zima herufi kwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. 2016 nilishakuwa mtu mzima wa Marekani, napiga mkunjo mmoja na mkia. Baada ya uchaguzi nikapata barua kwamba saini haifanani, nithibitishe kabla ya muda kuisha au kura haihesabiwi. Nikaenda nikaandika tena kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Mjomba wangu alikuwa na grini kadi tu. Kijana wa kuandikisha wapiga kura akamkuta nje ya duka, mpole, tabasamu mpaka masikioni, kalamu mkononi. Mjomba kwa adabu zetu za Pwani hawezi kumkatalia mtu. Ameshaandika jina na mtaa, jicho likaanguka juu kabisa ya fomu: je, wewe ni raia wa Marekani? Aliiacha kalamu na mbio akaja karakana, kashika ile fomu kama kashika nyoka. Tuliichana tukaitia kwenye pipa la mafuta machafu. Asiye raia akipiga kura anaweza kufukuzwa nchini, asikudanganye mtu.

Mkazi wa Gresham

Fundi hapo umesema. Na mimi nilikuwa mwangalifu kwa sababu nyingine: kwa kuapa huku niliuacha uraia wa Tanzania, sheria yetu hairuhusu viwili. Kwa hiyo ile karatasi jikoni ilikuwa ghali. Mama Furaha na Kongo ni hivyohivyo, au?

Mama Furaha

Hivyohivyo. Ndiyo maana nilisoma kwa nguvu.

Kariakoo Kwetu

MtuWaBuru, hiyo fulana bado unayo?

MtuWaBuru

Ninayo. Naoshea gari.