Mjadala: Je, sabuni ya kufulia inafaa kusafishia viti vya ngozi vya gari?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa hoja, kwa kuwa linagusa mali ambayo wengi wetu tumeinunua kwa kujinyima. Katika vituo vingi vya kuoshea magari, ndoo ileile ya sabuni ya unga iliyooshea bodi na magurudumu huingizwa ndani ya gari, pamoja na brashi ngumu, kusugulia viti vya ngozi. Wanaoitetea desturi hii husema kwamba sabuni hiyo ni ya bei nafuu, inapatikana kila duka, na kiti hutakata mbele ya macho yako. Msimamo wangu ni kwamba sabuni ya unga haifai kabisa kugusa ngozi halisi, na anayeitumia bila kumuuliza mwenye gari anastahili kulaumiwa.

Ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromi, ambayo imeenea sana kwenye magari, ina asidi kidogo. Kipimo chake cha pH, ambacho huonyesha asidi chini ya 7 na kinyume chake, yaani alkali, juu ya 7, huwa takribani kati ya 3.5 na 5. Sabuni nyingi za unga zikiyeyushwa majini hufika 10 au 11, na katika kipimo hicho kila hatua ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Kinachoipandisha hadi huko mara nyingi ni sodiamu kaboneti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya magadi, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya na ambayo mama zetu huyatia kidogo kwenye maharage ili yaive upesi. Kazi ya sabuni hiyo kwenye nguo ni kung'oa mafuta, ilhali ngozi hubaki laini kutokana na mafuta iliyotiwa kiwandani. Yakipungua, hukakamaa, na ikishakakamaa huanza kupasuka mahali inapokunjwa.

Hoja nzito kuliko zote ya upande wa pili ni kwamba ngozi ya magari ya kisasa hupakwa rangi, kisha juu yake tabaka jembamba la plastiki, hivyo sabuni haiifikii ngozi yenyewe. Kwa kiti kipya, ningesita kubishana. Lakini magari mengi tunayoendesha yametumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kutufikia. Kenya, kwa mfano, huruhusu hata gari la miaka 8. Tazama ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, ambako paja husugua kila anaposhuka: utaona mikunjo yenye nyufa nyembamba na rangi iliyoanza kuchubuka. Hapo kinga haipo tena. Matundu ya mishono nayo hupitisha maji ya sabuni hadi kwenye sponji, na kwa kuwa kiti hakisuuziki kama shati, sabuni hukaukia humo na kuacha mistari myeupe kandokando ya uzi.

Wapo wanaosema wameitumia miaka mingi bila kuona madhara, nami sina sababu ya kuwakatalia. Magari mengi yanayouzwa kuwa ya viti vya ngozi huwa na ngozi halisi sehemu ya kukalia na kuegemea tu, huku pembeni na nyuma pakiwa pa ngozi bandia, ambayo huvumilia sabuni zaidi. Mtu akiijaribu sabuni mgongoni mwa kiti, hajaijaribu ngozi. Ukitaka uhakika, tafuta chini ya kiti mahali palipokatwa: upande wa nyuma wa ngozi halisi una nyuzinyuzi zisizo na mpangilio, na wa bandia kwa kawaida una kitambaa.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache kwenye maji mengi, kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri na kufutwa tena kwa maji matupu, naikubali kwa doa lililogoma. Kwa anayehofia gharama za dawa maalumu za kusafishia ngozi, kitambaa chenye unyevu kila wiki huondoa vumbi na jasho kabla hayajaganda, nacho hakimgharimu mtu chochote.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba uharibifu huu huonekana baada ya miezi, wakati ambapo hakuna anayeweza kudaiwa. Wenye vituo, naomba mtujibu: mko tayari kuandika kwenye bango la bei ni sabuni gani mnayoiingiza ndani ya gari, na kumuuliza mteja kabla ya kuchovya brashi?